Mtu wa Pembeni ya Farasi

Swali ninaloulizwa zaidi barabarani si farasi anakula nini wala anakimbia kasi gani. Ni hili: "Mwenyewe yuko wapi?"

Wanauliza vijana wa boda boda pale kwenye kona, anauliza mama wa mboga, aliwahi kuuliza hata pasta. Wanauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayemtafuta mwenye gari lililoziba njia. Niko juu ya farasi, hatamu mkononi, kofia ngumu kichwani, buti za mtumba za soko la Toi miguuni, na bado mwenyewe anatafutwa. Miezi ya kwanza nilikuwa nikijibu kwa ukali, "Ni mimi," na nikiwaangalia nyuso naona kabisa hawajaamini. Baba, ambaye hutembea pembeni ameshika kamba, alikuwa na jibu lake. "Mwenyewe ameenda Uingereza. Atarudi Jumanne." Wanacheka, wanaridhika, tunapita.

Sasa ni mwaka mmoja tangu Waziri na Shangazi waje kuishi nasi huku nyuma ya Kiserian, mahali ambapo ukiinua macho unaona mitambo ya upepo ikizunguka juu ya vilima vya Ngong. Nilijiahidi siku ile ya kwanza kwamba mwaka ukiisha nitaandika. Nilidhani najua nitaandika nini. Kwa kweli nilikuwa nimeshaiandika kichwani, pamoja na picha yake, na hilo nitalifikia.

Kwanza pesa, maana najua ndilo jambo mnalotaka kuuliza. Desemba 2023 kampuni ya habari niliyoitumikia miaka tisa ilipunguza wafanyakazi, nami nikawa kwenye orodha. Tulipewa kiinua mgongo na maneno mazuri. Wenzangu walifanya mambo ya maana: mmoja alinunua Probox akaiweka barabarani, mwingine alifungua duka la M-Pesa, mwingine akarudi chuo. Mimi nilichukua farasi wawili waliostaafu mbio. Kuwanunua hakukuwa ghali kama watu wanavyodhani. Farasi wa mbio asiyeshinda ni mdomo tu wa kulishwa, na mwenye naye hufurahi akipata wa kumpokea. Waziri nilimpata kwa bei ya ng'ombe wa maziwa wa kawaida, Shangazi karibu bure. Kinachokula pesa ni kesho yake, na kesho kutwa. Farasi wa kilo mia tano anataka kama kilo kumi za nyasi kavu kila siku, hana Jumapili wala sikukuu. Kwato zinakatwa kila baada ya wiki sita hivi. Kuna dawa ya minyoo, kuna chanjo, kuna fundi wa kwato anayetoka Karen na kutoza nauli ya Karen.

Dada yangu mkubwa aliposikia alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, "Hata baba mwenyewe hakuwahi kutuletea huu ujinga nyumbani."

Baba alikuwa saisi. Kwenye kamusi saisi ni mtunza farasi, neno lenye asili ya Kiarabu, lakini kwa baba halikutoka kwenye kamusi. Alilikuta mabandani, limepita kwanza India, likapita kwenye midomo ya Waingereza, ndipo likamfikia yeye kijana wa Vihiga aliyeshuka Nairobi mwaka 1979 akitafuta kazi yoyote. Akapewa ndoo, brashi na farasi watatu. Alikaa katika kazi hiyo, kwa waajiri tofauti, mpaka 2013. Miaka 34. Uwanja wa mbio wa Ngong Road ulifunguliwa mwaka 1954. Kabla ya hapo mbio zilikuwa upande wa Kariokor, na ndiyo sababu hadi leo mjini kuna barabara inayoitwa Race Course, ambako watu hupigania matatu jioni bila kuwaza farasi hata kidogo. Baba ananiambia alipofika mjini alishukia karibu na hapo na akauliza farasi wako wapi. Alichekwa.

Likizo za shule tulikuwa tunamtembelea kwenye chumba chake, mstari mmoja na mabanda. Nilijua harufu ya farasi kabla sijajua kusoma. Nilijua pia sheria: watoto wasionekane siku mwenye farasi akija. Kulikuwa na tangi la maji, tulikuwa tunajificha nyuma yake. Simlaumu mtu fulani, maana waajiri walikuwa wengi na sheria ilikuwa ileile. Mwaka 1996 farasi mmoja alimpiga teke la goti la kushoto. Alipewa wiki mbili za kupumzika na mfuko wa unga, na goti halikurudi kuwa goti.

Nilipofika chuo kikuu nikakutana na kitabu cha Beryl Markham, *West with the Night*, kilichotoka mwaka 1942. Markham alilelewa Njoro, akawa mfunzi wa farasi wa mbio akiwa bado msichana, kisha rubani. Ni kitabu kizuri, na walimu wetu walikisifia kwa sentensi zake. Mimi nilikisoma na penseli mkononi, nikitafuta masaisi. Nilimpata Arap Ruta, rafiki yake wa utotoni aliyekuja kufanya kazi naye kwenye farasi. Lazima niseme haki: Markham anampa Ruta jina, hekima na maneno ya kusema, na hiyo ni zaidi ya waliyopewa wengi wa aina yake katika vitabu vya wakati ule. Lakini sijawahi kukiona kitabu cha Ruta. Nilikuwa na miaka 21, nikaandika pembeni mwa ukurasa, kwa herufi kubwa: NA YEYE ALIONA NINI?

Kwa hiyo mnaelewa nilikuwa naenda wapi na kiinua mgongo changu. Nilitaka farasi wawili kwa sababu mmoja ulikuwa wangu na wa pili ulikuwa wa baba.

Alikuja kutoka Vihiga mwezi wa Januari "kwa wiki mbili tu, niwaone." Alishuka kwenye boda, hakunisalimu vizuri, akaenda moja kwa moja banda nililojengewa na fundi wa hapa mtaani. Akagusa mlango. "Hii mlango inafunguka ndani. Farasi ikilala hapa utaingia vipi?" Siku ya pili mlango ulikuwa umegeuzwa. Wiki mbili zikaisha, akawa hajasema lolote kuhusu nauli.

Waziri ana miaka saba, kahawia iliyoiva, mrefu. Jina la mbio lilikuwa la Kiingereza, refu kama jina la hoteli. Tulimwita Waziri kwa sababu hatoki bila msafara na anapenda kupigwa picha. Shangazi ana miaka kumi na moja, anamtazama kila mgeni kuanzia viatu kwenda juu. Wote wawili walikuwa na nguvu, afya na adabu fulani ya kambini, na hakuna aliyejua kitu nilichokiita kupanda farasi. Hili sikulitarajia. Farasi wa mbio hafundishwi kusimama apandwe. Mpandaji hunyanyuliwa mguu akarushwa juu huku farasi akitembea. Kwa hiyo mimi nikiweka kreti ya soda pembeni ya Waziri na kuikanyaga, yeye anaondoka. Si ukaidi. Kwake hiyo ndiyo kazi imeanza. Wiki tatu zilipita kwenye kreti ile. Napanda kreti, anasimama, namshukuru kwa karoti, nashuka. Napanda, naegemeza tumbo juu ya tandiko, nashuka. Jirani yetu, mzee wa Kimaasai mwenye punda sita, alikuwa anakuja kuegemea ua na kutazama. Siku moja akamuuliza baba kama mimi ni mgonjwa.

Kabla ya kreti kulikuwa na mwezi mzima wa kutembea tu. Nilitaka kupanda, baba akanipa kamba. "Tembea naye."

"Nimetembea naye."

"Umemvuta. Unamvuta kama mbuzi ya Krismasi."

Mahali pa mtu, alisema, ni begani. Ukiwa mbele yake kabisa hakuoni, macho yake yako ubavuni mwa kichwa. Ukiwa nyuma kabisa hakuoni pia, na huko ndiko kuna mateke. Kaa begani, usimtazame, tazama unakokwenda. Ukisimama, asimame. Ukigeuka, ageuke. Usimwambie kwa mkono kabla hujamwambia kwa mwili. Baba hakuyasema hivi yote kwa mpangilio; aliyasema moja moja, kwa majuma, mara nyingi akiwa anafanya kitu kingine, akifagia au akichemsha chai. Nilikuwa na daftari. Alipoona naandika alinyamaza siku nzima.

Niseme kidogo kuhusu maneno, kwa kuwa hapa ni mahali pa wapenda maneno. Nilipekua kamusi nikitafuta Kiswahili cha mwendo wa farasi na nikapata utajiri: telki, ule mwendo wa hatua fupi za haraka, shoti, kukimbia kwa kasi zote, na mwendo wa katikati, ambao kamusi inauita matiti. Nilimsomea baba hilo la mwisho, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Maneno haya ni ya pwani, yalikua na punda wa Lamu na Waarabu wenye farasi. Mabandani kwao walisema *waki, troti, kanta*. Nilijaribu kwa muda kuwafundisha Waziri na Shangazi Kiswahili. Nikasema "twende," Waziri akasimama. Nikasema "simama," akanitazama. Baba akapita nyuma yangu na kusema, bila hata kupaza sauti, "Wooo," na farasi wote wawili wakagandishwa kama sanamu. "Hii ilizaliwa ikiambiwa Kiingereza," akasema. "Usiitese." Kufikia Agosti Waziri alikuwa anaelewa "twende." Shangazi mpaka leo anasubiri tafsiri.

Mvua za Aprili 2024 mnazikumbuka. Kwetu hazikubeba nyumba, lakini udongo huu mweusi ukawa gundi, na visubi wakaja. Kuna ugonjwa unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na vile vidudu vidogo usiku, na unaua haraka. Chanjo ipo na tulichanja, ila baba hakuamini chanjo peke yake. Kila siku kabla jua halijazama farasi walikuwa ndani, na nje ya mlango alikuwa anawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe kitoe moshi. Nguo zangu zote, pamoja na ile suti moja ya kwenda kwenye usaili wa kazi, zilinuka moshi huo. Nilikwenda kwenye usaili mara mbili. Sikuitwa.

Mei nikaanguka. Nilikuwa nimempanda Waziri kwa wiki kadhaa, tukiwa polepole, baba pembeni. Siku hiyo nilimwambia abaki, tutaenda peke yetu mpaka kwenye bwawa na kurudi. Mfuko wa plastiki, katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2017, ulikuwa umenasa kwenye miiba ya ua ukapepea. Waziri akaruka pembeni, akaanza kukimbia. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: nikavuta hatamu kwa nguvu zangu zote.

Nilikuwa nimeambiwa. Farasi wa mbio amejifunza kuegemea lijamu; mpandaji anaposhika hatamu na kukaza, maana yake ni twende, ongeza. Nilivuta, akaongeza. Nikavuta zaidi, akanipa zaidi, kwa uaminifu kabisa, farasi anayefanya alichofundishwa na mtu asiyejua anasema nini. Tulikwenda hivyo mpaka kwenye mtaro. Yeye akaruka. Mimi sikuruka.

Mtulinga, mfupa ule wa chini ya shingo, ulivunjika upande wa kulia. Waziri alirudi nyumbani mwenyewe akasimama getini, tandiko limepinda, na hivyo ndivyo baba alivyojua. Alikuja kwa miguu, na lile goti, nikamsikia anahema kabla sijamwona. Akapiga magoti, akanigusa kichwa, akanigusa miguu. Kisha akauliza, "Ulivuta?"

"Nilivuta."

"Nilijua, mama." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Wiki sita nilikaa na kitambaa shingoni, sina la kufanya isipokuwa kutazama. Hapo ndipo nilipoanza kuona kazi ya baba, ambayo nilikuwa nadhani naijua kwa kuwa niliizaliwa kando yake. Kila asubuhi alikuwa anaweka kiganja kwenye mguu wa farasi, chini kule juu ya kwato, anangoja. Anakwenda mguu wa pili, anangoja. Akisikia joto mahali pamoja, siku hiyo farasi hafanyi kazi. Alikuwa anajua kwa sauti ya kutafuna kama jino lina shida. Alikuwa ananusa maji kabla ya kuwapa. Nimewahi kuwahoji madaktari bingwa na mawaziri, nimewahi kukaa meza moja na watu waliolipwa fedha nyingi kwa kujua kitu kimoja vizuri, na sikumbuki kumwona mtu anayejua kitu namna ile. Mshahara wake wa mwisho ninao kwenye karatasi. Sitauandika hapa, ni wake.

Mwisho wa Juni mkono ulikuwa umefunguka na maandamano ya mswada wa fedha yakawa yamepamba moto. Tarehe 25 nilikuwa mjini nikiripotia chombo kimoja cha nje. Nilirudi usiku, nikaenda bandani kabla sijaingia nyumbani. Ilikuwa ni tabia tu. Shangazi alinyoosha shingo kama kawaida, akanusa koti langu, akapiga mafua kwa nguvu na kurudi nyuma mpaka ukutani. Gesi ya machozi ilikuwa bado kwenye kitambaa. Baba akatoka, akanivua koti kama anavyomvulia mtoto, akalitundika kwenye ua, mbali. Hakuuliza kilichotokea mjini. Alikuwa amesikiliza redio mchana kutwa.

Na sasa ile picha.

Kufikia Agosti Waziri alikuwa amebadilika. Anasimama kwenye kreti. Nikikaza hatamu anasikiliza, nikizilegeza anapunguza, kazi ya baba ya wiki zile sita akiwa na kamba ndefu na uvumilivu. Nikaona wakati umefika. Nilimwita rafiki yangu mpiga picha, tuliyeachishwa kazi siku moja. Nikanunua kofia ya pili, saizi ya baba. Jumamosi asubuhi nikamtandika Waziri, nikamleta mpaka kwenye kreti na kusema, "Baba, leo ni zamu yako."

Akaitazama kofia. Akamtazama mpiga picha.

"Mimi sipandi."

Nikadhani ni goti. Nikamwambia tutamsaidia, tutamshika. Akasema si goti. Nikadhani ni woga, nikasema Waziri ni mpole sasa, wewe ndiye umemfanya hivyo. Akasema anajua. Nikaanza kusema mambo ambayo nilikuwa nimeyabeba tangu lile tangi la maji: kwamba miaka 34 amewatembeza farasi wa watu, kwamba huyu ni wetu, risiti ninayo, kwamba hakuna mtu atakayekuja kumwambia ashuke. Sauti yangu ilikuwa imepanda. Waziri akaanza kusogeza miguu. Baba akaweka kiganja begani pa farasi, si pangu.

"Mama. Mimi ni mtu wa pembeni ya farasi. Huko juu sina kazi."

Akamfungua tandiko. Mpiga picha alikunywa chai, akanywa ya pili, akarudi Rongai.

Nilikasirika siku tatu. Niliona amekubali udogo aliopewa, kwamba wamemshinda mpaka ndani. Nilimwambia dada yangu hivyo kwenye simu, na dada, ambaye hakuwahi kuwapenda hawa farasi, akauliza, "Kwani ulimuuliza kama anataka, ama ulimnunulia tu kofia?" Sikumjibu. Makala nilishaiandika kichwani Januari, kabla baba hajapanda basi: saisi mzee juu ya farasi wa binti yake, vilima vya Ngong nyuma, kichwa cha habari kimekaa tayari. Nilikuwa nimewaza hadi ukubwa wa picha. Miaka tisa katika vyumba vya habari imenifundisha kuwafuata watu nikiwa na hitimisho mfukoni, na sikuwa nimemfanyia baba tofauti na ninavyomfanyia mbunge. Kofia ile bado ipo, imetundikwa bandani. Kuku hulala chini yake.

Hatukulizungumza tena mpaka Oktoba, usiku ule wa Waziri.

Saa mbili usiku baba aliniita. Waziri alikuwa hajala, anachimba chini kwa mguu wa mbele, anageuza kichwa kuliangalia tumbo lake kama mtu aliyeitwa na kitu kilichoko humo. Msokoto. Kwa mtu ni siku mbaya. Kwa farasi unaweza kuwa kifo, kwa sababu farasi hawezi kutapika, na utumbo wake mrefu ukijifunga au ukiziba hakuna mlango wa nyuma. Baba aliweka sikio ubavuni, kushoto, kisha kulia. "Kulia kumenyamaza." Daktari wa mifugo alikuwa Naivasha, atafika saa tano zijazo, labda sita.

Basi tukatembea. Lengo lilikuwa asijitupe chini na kubingirika. Nilishika kamba nusu saa, Waziri akapiga magoti mara mbili. Baba akaichukua, na kuanzia hapo hakunirudishia. Alimtembeza kuzunguka kiwanja, taratibu, akichechemea kwa lile goti, mimi nyuma na tochi. Kila Waziri alipolegea kutaka kulala, baba alikuwa ameshajua, ameshamsemesha, ameshageuza bega. Sijui walizunguka mara ngapi. Mbwa walichoka kutubwekea.

Kama saa sita hivi akaanza kuongea, akiangalia mbele. Alisema mwaka 1984 alikuwa na farasi mmoja jike, mweusi, mzuri. Alfajiri moja, kabla wapandaji hawajafika, alipanda juu ya hori na kukaa mgongoni mwake. Bila tandiko, bila chochote. Farasi akaendelea kula.

"Ukakaa muda gani?"

"Kidogo. Nilitaka kujua kama huko juu inaona mbali."

"Na?"

"Inaona ukuta." Akacheka. "Nikashuka. Mgongo yake sikuijua, mama. Bega niliijua. Nikasema sawa."

Nilikuwa na maswali kumi. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuuliza hata moja, na si kwa hekima. Waziri alikuwa amesimama ghafla, mkia juu. Alijamba kwa muda mrefu mno, sauti kama turubai linalopasuka, kisha akatoa kinyesi kidogo, kigumu. Baba alikimulika kwa tochi akakiangalia kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Daktari alipofika saa nane alimpa sindano, akapitisha mpira puani mpaka tumboni na kumimina mafuta, akasema tungeweza kumpoteza. Baba alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda, suruali imekunjwa, goti limevimba kama papai. Daktari alilitazama akasema hilo si la farasi lakini mtu aliangalie.

Gharama za usiku huo, na za goti, ndizo zilizomwondoa Shangazi. Novemba alichukuliwa na mama mmoja wa Limuru anayefundisha watoto, nyumba yenye nyasi kuliko yangu. Baba alimsugua tangu alfajiri mpaka akang'aa kama kiti cha sebuleni. Alimpandisha lorini mwenyewe, bega kwa bega, bila kamba kukaza. Lori lilipoondoka akafagia banda lililobaki tupu, akarudi akalifagia tena.

Nimehesabu kwenye daftari. Katika mwaka mzima nilipanda farasi siku 71. Nyingi ni za dakika ishirini. Siku nilizotembea pembeni sikuziandika, kwa hiyo sina hesabu yake. Kazi nimepata vipande vipande, naandikia watu watatu wanaolipa kwa kuchelewa. Naweza kumlisha farasi mmoja mpaka Machi, baada ya hapo tutaona.

Desemba 20 baba alisafiri kwenda Vihiga kwa Krismasi, na miadi ya goti Januari. Usiku wa kuondoka alinipa maagizo kwa sauti, na safari hii nilipotoa daftari hakunyamaza. Alipunguza kasi ili nimfikie.

Asubuhi yake nilimfunga Waziri kamba ya kichwani, nikaliacha tandiko ndani, tukatoka kutembea barabarani. Ilikuwa saa moja, baridi, vumbi bado limelala. Pale kwenye kona vijana wa boda boda walikuwa wanapasha mikono kwenye moto wa karatasi. Mmoja akanyoosha shingo kuangalia nyuma yetu.

"Mzee yuko wapi?"

"Ameenda nyumbani."

"Anarudi?"

"Tarehe tano."

Akamtazama Waziri, akanitazama mimi, akatazama nilivyoshika kamba.

"Basi simama karibu na bega," akasema. "Mzee hushika hapo."